Aliou Cissé, nahodha aliyekuja kuwa kocha wa Senegal: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Aliou Cissé ni nani?

Ni Msenegali aliyezaliwa tarehe 24 Machi 1976 mjini Ziguinchor, katika eneo la Casamance, kusini mwa Senegal. Akiwa na umri wa miaka tisa alihamia Ufaransa na familia yake, akakulia Champigny-sur-Marne, kitongoji cha Paris. Mwaka 2002 alikuwa nahodha wa Senegal iliyofika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) na robo fainali ya Kombe la Dunia ndani ya miezi mitano. Machi 2015 akarudi kwenye timu hiyohiyo kama kocha mkuu, akakaa hadi Oktoba 2024, na ni yeye aliyeipa Senegal AFCON ya kwanza katika historia yake.

Kama humkumbuki kwa jina, huenda unamkumbuka kwa sura: yule mwenye rasta na miwani aliyekuwa akirusha ngumi hewani pembeni ya uwanja kule Urusi mwaka 2018.

Alichezea klabu zipi?

Alianzia Lille, akapita Sedan, kisha Paris Saint-Germain kuanzia 1998, na msimu wa 2001/02 akacheza Montpellier kwa mkopo. Baada ya Kombe la Dunia la 2002 alivuka kwenda Uingereza: Birmingham City kwanza, halafu Portsmouth. Akarejea Sedan mwaka 2006, akatundika daluga akiwa Nîmes mwaka 2009. Maisha yake ya klabu hayakuwa ya makombe makubwa. Jina lake limejengwa na timu ya taifa.

Alikuwa mchezaji wa aina gani?

Kiungo mkabaji, wakati mwingine beki wa kati. Katika ile Senegal ya 2002 watu walikwenda kumtazama El Hadji Diouf akipangua mabeki, Henri Camara akikimbia na Papa Bouba Diop akiruka juu kuliko kila mtu. Cissé alikuwa nyuma yao akifunga njia, akigonga, akipanga watu kwa sauti. Kadi za njano hazikumpita mbali. Ni aina ya mchezaji ambaye akikosekana ndipo unaona pengo lake, na si ajabu kwamba timu alizokuja kuzifundisha zilijengwa kuanzia nyuma.

Ni kweli alikosa penalti kwenye fainali ya AFCON 2002?

Ni kweli, na ndiyo iliyoamua kombe.

Fainali ilichezwa Bamako, Mali, tarehe 10 Februari 2002, Senegal dhidi ya Cameroon iliyokuwa ikitetea ubingwa. Dakika 120 ziliisha bila bao. Ikaja mikwaju ya penalti, na mkwaju wa mwisho wa Senegal ukawa wa nahodha. Alikuwa na miaka 25. Golikipa Boukar Alioum akaupangua, Cameroon wakashinda 3-2 na kubeba kombe kwa mara ya pili mfululizo.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu kila kilichofuata kwenye maisha yake ya ukocha kinapita hapa. Nahodha angeweza kumsukumia mwingine mpira. Alikwenda mwenyewe, akakosa, na kwa miaka 20 Wasenegali walimtaja kama mtu aliyekuwa na kombe mguuni likamponyoka. Baadaye alipokuwa anamwambia kijana wake asiogope kupiga, kijana alijua anaambiwa na nani.

Kombe la Dunia la 2002 lilikuwaje kwake?

Lilikuwa la kwanza kwa Senegal, na mechi ya ufunguzi wakapewa Ufaransa, mabingwa wa dunia na wa Ulaya. Seoul, tarehe 31 Mei. Karibu kikosi kizima cha Senegal kilikuwa kinacheza soka Ufaransa. Dakika ya 30 Diouf alimtoka Frank Leboeuf upande wa kushoto, akaingiza krosi, mpira ukazongana mbele ya goli, na Papa Bouba Diop akaumalizia akiwa ameanguka chini. Senegal 1, Ufaransa 0.

Wakatoka sare 1-1 na Denmark, na 3-3 na Uruguay baada ya kuongoza 3-0. Hatua ya 16 bora Camara aliitoa Sweden kwa bao la dhahabu, yaani bao la muda wa nyongeza lililomaliza mechi papo hapo, na robo fainali Uturuki ikawatoa wao kwa bao la dhahabu vilevile. Kabla yao ni Cameroon ya 1990 tu iliyokuwa imefika robo fainali kutoka Afrika. Kocha alikuwa Mfaransa Bruno Metsu, aliyefariki mwaka 2013, mtu aliyewaachia wachezaji wake uhuru mkubwa nje ya uwanja akawadai kila kitu ndani ya uwanja.

Ajali ya meli ya Le Joola ilimgusa vipi?

Usiku wa tarehe 26 Septemba 2002, miezi mitatu tu baada ya Kombe la Dunia, meli ya MV Le Joola ilipinduka kwenye pwani ya Gambia ikitoka Ziguinchor kwenda Dakar. Safari ya barabara kati ya miji hiyo inakatizwa na Gambia, ndiyo maana watu wa Casamance waliitegemea meli. Ilijengwa kubeba watu wasiofika 600. Waliokufa walipita 1,800, na waliookolewa walikuwa 64. Anayekumbuka MV Bukoba ya mwaka 1996 anaelewa maana ya namba hizo kwa mji mmoja.

Cissé alipoteza ndugu zaidi ya kumi kwa mpigo. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza maisha Birmingham, na baada ya siku chache alikuwa uwanjani tena. Hakuligeuza jambo hili kuwa hadithi ya kujipamba. Lakini mtu akikueleza kwamba Cissé ni mkali sana au hacheki ovyo kwenye mikutano na waandishi, weka na hili kwenye mizani.

Aliingiaje kwenye ukocha?

Kwa ngazi za chini za timu ya taifa. Alikuwa msaidizi wa Karim Séga Diouf kwenye kikosi cha vijana kilichokwenda Olimpiki ya London 2012. Senegal ilifika robo fainali na kutolewa na Mexico waliochukua dhahabu. Katika kikosi hicho kulikuwa na kijana anaitwa Sadio Mané. Baada ya hapo Cissé akapewa timu ya vijana chini ya miaka 23, akaishika hadi alipopandishwa.

Hili watu hulisahau. Hakutolewa kwenye kiti cha uchambuzi na kurushwa kwenye timu ya wakubwa kwa sababu ya jina. Wachezaji kadhaa waliokuja kumpa ubingwa aliwafahamu wakiwa bado wanatafuta namba.

Kwa nini wengi walimtilia shaka mwaka 2015?

Kwa sababu hakuwahi kuwa kocha mkuu wa klabu yoyote kubwa, na kwa sababu Senegal ilikuwa imeungua. Mzalendo aliyepewa timu miaka michache kabla yake, Amara Traoré, alikwenda AFCON 2012 na kikosi chenye washambuliaji wa kutisha, akapoteza mechi zote tatu za makundi. Baadaye akaja Alain Giresse, Mfaransa, naye akaishia makundi mwaka 2015. Ukikosa kwa mzawa na ukakosa kwa mgeni, kila uteuzi unaonekana bahati nasibu.

Nini kilitokea Franceville mwaka 2017?

Tarehe 28 Januari 2017, robo fainali ya AFCON nchini Gabon. Senegal imeongoza kundi lake, mpinzani ni Cameroon tena. Dakika 120 bila bao, tena. Mikwaju ya penalti, tena. Sadio Mané, mchezaji bora wa timu, akabeba mkwaju wa tano. Golikipa Fabrice Ondoa akaupangua, Vincent Aboubakar akafunga wa kwake, Senegal wakatoka kwa 5-4.

Mané alilia pale uwanjani kama mtoto. Alikuwa na miaka 24.

Hebu fikiria aliyekuwa kwenye benchi. Mpinzani yuleyule, matokeo yaleyale ya 0-0, mkwaju wa mwisho uleule. Kocha mwingine angempa mchezaji pole, na pole ingeishia hapo. Cissé alikuwa na kitu ambacho hakuna cheti cha ukocha kinachokitoa: alijua kesho yake asubuhi mtu huyo anaamkaje, magazeti yanasemaje, na mwaka mzima unaofuata mashabiki wanamwitaje. Hakumpokonya Mané nafasi wala heshima. Kwa maoni yangu, ushindi wa AFCON ya 2021 ulianza siku ile.

Na shirikisho nalo, kwa sifa zake, halikumtimua kocha. Nchi nyingi Afrika zingefanya hivyo kabla ndege haijatua.

Senegal ilifuzuje Kombe la Dunia 2018?

Kwa mlango wa mechi ya marudio. Novemba 2016 walifungwa 2-1 na Afrika Kusini, na moja ya mabao hayo lilitokana na penalti ya kunawa mpira ambayo haikuwepo: mpira ulimgonga Kalidou Koulibaly gotini. FIFA ilimfungia maisha mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana kwa kuingilia matokeo na kuamuru mechi irudiwe. Ikarudiwa Polokwane Novemba 2017, Senegal wakashinda 2-0 na kukata tiketi, ya kwanza tangu mwaka ule ambao Cissé alikuwa nahodha.

Ni kweli alikuwa kocha pekee mweusi kwenye fainali za 2018?

Ndiyo, kati ya makocha 32. Alikuwa pia mdogo kuliko wote kwa umri, miaka 42, na ripoti za wakati ule zilimtaja kuwa miongoni mwa waliolipwa mshahara mdogo zaidi. Alipoulizwa kuhusu rangi yake alijibu kwa utulivu kwamba soka ni la watu wote, ila akaongeza kuwa Afrika ina kizazi cha makocha wanaostahili kuaminiwa. Nadhani alikuwa anaongea na mashirikisho ya Afrika zaidi kuliko na dunia.

Kwa nini Senegal walitolewa 2018 ilhali walilingana pointi na Japan?

Kwa kadi za njano. Ni timu ya kwanza katika historia ya Kombe la Dunia kutolewa kwa kigezo cha mchezo wa kiungwana.

Waliifunga Poland 2-1, wakatoka 2-2 na Japan, wakafungwa 1-0 na Colombia kwa kichwa cha Yerry Mina. Senegal na Japan wakabaki na pointi 4 kila mmoja, mabao 4 ya kufunga na 4 ya kufungwa, na wao kwa wao walikuwa wametoka sare. Ikabidi zihesabiwe kadi: Japan 4, Senegal 6.

Kinachouma zaidi ni namna siku ile ilivyokwenda. Mechi mbili zilichezwa kwa wakati mmoja tarehe 28 Juni. Japan walikuwa wanafungwa 1-0 na Poland kule Volgograd, lakini waliposikia Colombia imepata bao Samara, dakika za lala salama waliacha kabisa kushambulia wakawa wanapasiana nyuma, wakiomba Senegal wasisawazishe. Bao moja tu la Senegal lingewaumbua. Halikuja.

Cissé hakutafuta mchawi. Alisema kanuni walizijua kabla ya kuanza, na kwamba pengine wangestahili kuingia kwa njia nyingine lakini ndiyo sheria. Mwaka ule hakuna timu ya Afrika iliyovuka makundi, kwa mara ya kwanza tangu 1982.

AFCON 2019 alikutana na timu gani za Afrika Mashariki?

Tatu, na kila moja ina hadithi yake.

Tarehe 23 Juni, Cairo, Senegal iliifunga Tanzania 2-0 kwa mabao ya Keita Baldé na Krépin Diatta. Mané hakucheza, alikuwa akitumikia adhabu ya kadi. Taifa Stars walikuwa wamerudi AFCON baada ya miaka 39, na kocha wao Emmanuel Amunike alikuwa bingwa wa Afrika na Nigeria mwaka 1994.

Tarehe 1 Julai zamu ya Kenya. Kipindi cha kwanza Patrick Matasi alidaka penalti ya Mané, na Harambee Stars wakaenda mapumziko 0-0. Kipindi cha pili mlango ukafunguka: Ismaïla Sarr moja, Mané mawili, la mwisho kwa penalti. 3-0.

Siku nne baadaye, hatua ya 16 bora, Uganda. Mané alifunga mapema, kisha Denis Onyango akampangulia penalti nyingine. 1-0.

Kwa hiyo ndani ya wiki moja makipa wawili wa Afrika Mashariki walimzuia Mané kutoka hatua 11. Baada ya hapo jukumu la kupiga likaenda kwa mwingine. Kumbuka hili tukifika 2022.

Na fainali ya 2019 waliipotezaje?

Dakika ya pili. Shuti la Baghdad Bounedjah wa Algeria lilimgonga Salif Sané, likapaa juu, likamwacha kipa akitazama. Senegal walikuwa na dakika 88 za kusawazisha na hawakuweza. Walipewa penalti, VAR ikaifuta. Koulibaly hakuwepo, kadi mbili za njano zilimfungia nje. Wakalala 1-0.

Kocha wa Algeria alikuwa Djamel Belmadi, aliyezaliwa tarehe 25 Machi 1976, siku moja baada ya Cissé, na wote wawili wamekulia Champigny-sur-Marne. Watoto wawili wa kitongoji kimoja wakasimama kwenye mistari ya benchi ya fainali ya Afrika. Ni jambo ambalo mwandishi wa riwaya angeogopa kulitunga.

Hii ikawa fainali ya pili kwa Cissé kupoteza, ya kwanza kama nahodha, ya pili kama kocha. Kelele za kumtaka aondoke zilikuwa kubwa. Shirikisho likamwongezea mkataba.

Senegal ilishindaje AFCON 2021?

Kwanza, kwa taratibu sana. Michuano ilichezwa Januari na Februari 2022 nchini Cameroon kwa sababu ya kuahirishwa, na Senegal ilifika ikiwa na wagonjwa wa korona, wakiwemo Koulibaly na Édouard Mendy waliokosa mechi za mwanzo. Makundi waliyamaliza kwa bao moja tu, penalti ya Mané dakika za nyongeza dhidi ya Zimbabwe, halafu suluhu na Guinea, suluhu na Malawi. Redioni na mitandaoni walimchana kocha: anacheza na hofu, ana Mané lakini hafungi, hana mpango.

Halafu timu ikaanza kupanda. Cape Verde 2-0. Guinea ya Ikweta 3-1. Burkina Faso 3-1.

Fainali, tarehe 6 Februari, uwanja wa Olembé jijini Yaoundé, dhidi ya Misri ya Mohamed Salah. Dakika ya saba Senegal wakapata penalti. Mané akaushika mpira. Salah akamfuata kipa wake, Gabaski, akamnong'oneza. Gabaski akaipangua.

Hapo ndipo mechi nzima ilipokuwa. Mtu aliyelia Franceville, aliyezimwa na Matasi na Onyango, amekosa tena, mapema, kwenye fainali, mbele ya Afrika nzima. Hakuzama. Alikimbia dakika 113 zilizobaki kama mtu anayelipa deni, na benchi halikufikiria kumtoa. Mechi ikaisha 0-0.

Mikwaju: Koulibaly akafunga, Abdou Diallo akafunga, Mohamed Abdelmonem wa Misri akagonga nguzo, Bouna Sarr wa Senegal akakosa, Bamba Dieng akafunga, Mendy akaupangua wa Mohanad Lasheen. Ukabaki mmoja. Kama ukiingia, kombe ni la Senegal. Orodha ya wapigaji ilikuwa imeliacha jina la Mané mwisho, palepale alipowekwa 2017, palepale nahodha wa 2002 alipojiweka mwenyewe.

Akapiga kwa nguvu zote, ukaingia. 4-2. Na Salah, aliyekuwa amepangwa kupiga wa mwisho kwa Misri, hakupata hata nafasi ya kuugusa mpira.

Ilikuwa katika ardhi ya Cameroon, nchi iliyowatoa Senegal 2002 na 2017. Rais Macky Sall alitangaza siku iliyofuata kuwa mapumziko, na watu wa Dakar wakajaa barabarani kiasi kwamba msafara wa timu ulitembea kwa mwendo wa kobe. Kila mchezaji alipewa faranga za CFA milioni 50, kiwanja Dakar na kingine Diamniadio.

Si alikuwa na wachezaji wazuri tu? Kocha yeyote angeshinda.

Senegal ya 2012 ilikuwa na wachezaji wazuri na ikapoteza mechi zote tatu. Vipaji havijawahi kuwa tatizo la Senegal, vituo kama Génération Foot na Diambars vinavimwaga kila mwaka.

Alichofanya Cissé ni kuwafanya waitake jezi. Koulibaly alizaliwa Ufaransa na kuchezea timu ya vijana ya Ufaransa, alianza kuichezea Senegal mwaka 2015, miezi michache baada ya Cissé kushika timu. Mendy, naye mzaliwa wa Ufaransa, alikuja 2018 kabla dunia haijamjua pale Chelsea. Diallo na Bouna Sarr wamepita njia hiyohiyo. Kwa vijana hawa aliyekuwa anawapigia simu ni mtu aliyekulia Ufaransa kama wao na akachagua Senegal, kwa hiyo hakuwa na haja ya hotuba ndefu.

Ukosoaji wa haki upo. Timu yake ilipata shida kuvunja ukuta wa timu zinazojilinda, na safu ya kiungo mara nyingi ilikuwa na wakabaji watatu pale ambapo mbunifu mmoja angesaidia. Mechi za makundi za 2022 zilikuwa ngumu kutazama, hata mimi ninayemkubali nakiri hivyo. Lakini ulinzi ule ndio uliomaliza fainali bila kuruhusu bao.

Bila Mané, Qatar 2022 walifanya nini?

Mané aliumia mguu akiwa na Bayern wiki chache kabla. Senegal wakafungwa 2-0 na Uholanzi, wakaifunga Qatar 3-1, kisha Ecuador 2-1 na kuvuka makundi kwa mara ya kwanza tangu 2002. Uingereza ikawatoa kwa 3-0. Kabla ya hapo, Machi 2022, walikuwa wamefuzu kwa kuitoa Misri tena kwa penalti, safari hii kwenye uwanja mpya wa Diamniadio, na mkwaju wa ushindi ukapigwa na nani? Mané.

Cissé na Rigobert Song walikutana kama makocha?

Ndiyo. Song ndiye nahodha wa Cameroon aliyebeba kombe Bamako 2002. Februari 2022, wiki chache baada ya Senegal kutawazwa, naye akapewa timu ya taifa lake. Tarehe 19 Januari 2024, kwenye makundi ya AFCON nchini Ivory Coast, manahodha wale wawili wakakutana tena. Senegal ilishinda 3-1.

Kuna waliochukua AFCON wakiwa wachezaji na pia makocha?

Wawili: Mahmoud El-Gohary wa Misri (1959 na 1998) na Stephen Keshi wa Nigeria (1994 na 2013), ambaye mwaka 1994 alikuwa nahodha. Cissé hayumo, kwa sababu ya ule mkwaju wa Bamako. Kwenye Kombe la Dunia, waliolichukua wakiwa manahodha kisha makocha ni Franz Beckenbauer na Didier Deschamps.

Aliondokaje Senegal?

AFCON iliyochezwa mwanzoni mwa 2024 Senegal walianza kama moto, mechi tatu za makundi, ushindi mara tatu. Hatua ya 16 bora wakakutana na wenyeji Ivory Coast waliokuwa wamechechemea kuingia. Wakaongoza, wakasawazishiwa kwa penalti ya Franck Kessié dakika za mwisho, wakatolewa kwa mikwaju 5-4. Ivory Coast wakaenda kuchukua kombe.

Oktoba 2024 mkataba wake haukuongezwa. Nchini Senegal wizara ya michezo ina kauli ya mwisho kuhusu kocha wa taifa, na wizara ilisema hapana. Miaka tisa na nusu ni muda mrefu, na timu ilihitaji sauti mpya, hilo sipingi. Timu ikaenda kwa Pape Thiaw, naye mchezaji wa kikosi cha 2002.

Alikwenda wapi?

Machi 2025 alipewa kuinoa Libya.

Nikitaka kutazama mechi moja tu ya Senegal ya Cissé, nitazame ipi?

Wengi watakutajia fainali ya Yaoundé. Mimi nakushauri utafute Senegal na Ecuador, tarehe 29 Novemba 2022. Papa Bouba Diop alifariki tarehe kama hiyo mwaka 2020, na Koulibaly aliingia na kitambaa cha unahodha kilichoandikwa 19, namba ya jezi ya Diop. Sare ingewatoa Senegal. Sarr akafunga kwa penalti, Moisés Caicedo akasawazisha, na dakika tatu baadaye nahodha mwenyewe, beki wa kati, akaukuta mpira ndani ya boksi akaupiga moja kwa moja wavuni. Tazama mechi nzima, si mabao tu, na uangalie jinsi mabeki wanavyopanda na kushuka kwa pamoja dakika 20 za mwisho.